Baruti Ilitangulia, Karatasi Ikafuata

Mtu akipita sokoni Butembo na kushika tochi au kufuli, mara mwuzaji ataapa mbele yake: "Hii si ya Wachina!" Katika midomo yetu neno hilo limekuwa karibu na tusi. Kitu cha Wachina, twasema, ni kitu cha kununua asubuhi na kutupa jioni. Walakini ni wafanya biashara wetu wenyewe wanaopanda ndege kwenda Guangzhou na kujaza makontena. Mizigo hushushwa Mombasa, hupita Kampala, huingia kwa mpaka wa Kasindi, hata Beni na Butembo. Kama ni hafifu, basi ni sisi tuliotaka bei ndogo. Mchina alitupimia kadiri ya fedha yetu.

Leo twataka kueleza habari za vitu vingine vya Wachina, vya zamani sana, ambavyo havijavunjika bado. Wenye elimu huvitaja vinne: karatasi, uchapaji wa vitabu, dira ya mabaharia, na baruti. Mwaka 1620 Mwingereza mmoja mwenye hekima, Francis Bacon, aliandika kwamba uchapaji, baruti na dira vimegeuza sura ya dunia kuliko ufalme wo wote. Alisema kweli, ila hakujua vilitoka wapi. Katika hivyo vinne sisi tutashika viwili tu, karatasi na baruti, kwa kuwa hivyo viwili vimekutana hapa kwetu, toka Eringeti hata Lubero, kwa namna ambayo kila mzazi aijua.

Twaacha mengi. Twaacha hata gari la mkono la gurudumu moja, ijapokuwa sisi watu wa chukudu lingetupendeza sana. Wachina walikuwa nalo tangu karibu na karne ya 2, nao waliliweka gurudumu katikati, chini ya mzigo wenyewe, ili uzito usikae mikononi mwa msukumaji. Ulaya hawakulijua ila miaka elfu moja baadaye. Kijana wa Kivu aliyechonga chukudu ya kwanza hakusoma habari hiyo po pote, naye alifika kwenye wazo lile lile: mzigo ubebwe na mti na gurudumu, mtu ashike njia.

Basi tuanze na karatasi. Zamani Wachina waliandika juu ya vipande vyembamba vya mianzi vilivyofungwa pamoja kwa kamba, au juu ya hariri. Mwanzi ni mzito: kitabu kimoja kilikuwa mzigo wa kubeba begani. Hariri ni nyepesi, lakini bei yake ni ya matajiri. Mwaka 105 baada ya Kristo mtumishi mmoja wa nyumba ya mfalme, jina lake Cai Lun, alimwonyesha mfalme karatasi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, katani, matambara, na nyavu kuukuu za wavuvi. Siku hizi wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vipande vya karatasi vilivyomtangulia Cai Lun kwa miaka mia mbili na zaidi. Kumbe yeye si wa kwanza kabisa. Ila ndiye aliyeifanya vizuri, na sifa imebaki kwake.

Na kazi yenyewe, mama wa Kinande anayetwanga sombe angeielewa mara moja. Gome huloweshwa siku nyingi. Huchemshwa pamoja na maji ya majivu hata lilainike. Huoshwa, kisha hutwangwa hata nyuzi zake ziachane zote, moja moja. Uji ule hutiwa katika pipa la maji tele. Fundi hutumbukiza chekeche pana la mianzi, akaliinua taratibu. Maji yachuruzika, nyuzi zabaki juu zimelaliana huku na huku. Utando ule mwembamba hukamuliwa, hukaushwa, na hiyo ndiyo karatasi. Hakuna gundi, hakuna mshono. Nyuzi zashikana zenyewe zinapokauka.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Katika nchi hizi za maziwa makubwa, wazee walivaa nguo ya gome. Walibandua gome la mti wa jamii ya mtini, wakalilowesha, wakaligonga kwa nyundo ya mti yenye mifereji, hata likatanuka kama kitambaa. Majirani zetu wa Buganda wanaifanya kazi hiyo hata leo, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa wanadamu wote. Basi gome walikuwa nalo, maji walikuwa nayo, na majivu, na kinu, na nyundo. Walifika mpaka mlangoni. Tofauti ni moja tu: wao waligonga gome likabaki zima, maana walitaka nguo, Mchina aliendelea kuligonga hata gome likapotea, kisha akaanza upya kwa nyuzi. Hatusemi hivi kwa kuwadharau wazee. Mtu hutengeneza kile anachokihitaji, na yule ambaye mipaka ya shamba lake, mahari ya binti yake na majina ya mababu zake vyote vimo vichwani mwa wazee wa ukoo, haoni haja ya karatasi, maadamu wazee hao wapo.

Wengine watauliza: na Wamisri je? Wamisri waliandika juu ya mafunjo, mmea ule ule uotao katika mabwawa yetu na kandokando ya ziwa Eduardi. Waliyapasua mashina yake, wakapanga vipande tabaka juu ya tabaka, moja kwa urefu na moja kwa upana, wakavigandamiza. Ni kazi nzuri, tena ya kale kuliko ile ya Wachina. Lakini inategemea mmea mmoja, na mmea huo hauoti kila mahali. Karatasi ya Cai Lun haichagui: tambara, kamba, wavu, gome, vyote vyafaa. Ndiyo sababu ilishinda. Na neno letu "karatasi" tulipewa na Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani, ambao walilitumia kwa ukurasa wa mafunjo. Hivyo twakiita kitu cha China kwa jina la kitu cha Misri.

Safari yake ilikuwa ndefu. Mwaka 751 jeshi la Waarabu liliwashinda Wachina kwenye mto Talas, katikati ya Asia, na hadithi ya zamani yasema kwamba mateka wa Kichina ndio waliowafundisha watu wa Samarkand kutengeneza karatasi. Wengine husema wafanya biashara walikwisha kuileta kabla ya vita. Lo lote liwalo, kabla ya mwaka 800 Bagdad ilikuwa na kiwanda chake. Toka hapo ilipita Misri na Maroko, ikavuka kuingia Hispania, na katika karne ya 13 mji wa Fabriano katika Italia ulikuwa ukiitengeneza kwa wingi. Hesabuni wenyewe: toka Cai Lun mpaka Fabriano ni miaka zaidi ya 1,100.

Juu ya uchapaji tuseme machache. Wachina walichonga maandishi juu ya vibao, wakavipaka wino, wakachapa. Kipo kitabu chao cha dini kilichochapwa hivyo mwaka 868, nacho chaonekana mpaka leo mjini London. Karibu na mwaka 1040 fundi wao Bi Sheng alitengeneza herufi mojamoja za udongo uliochomwa. Mjerumani Gutenberg alichapa Biblia yake mjini Mainz karibu na mwaka 1455 kwa herufi za madini. Nakala nyingi alizichapa juu ya karatasi, nyingine chache juu ya ngozi. Nakala moja tu ya ngozi ilihitaji, kwa makisio, ndama 170. Mwenye ng'ombe kule Lubero na atuambie ni Wakristo wangapi wangeweza kuwa na Biblia nyumbani kwa hesabu hiyo.

Sasa baruti. Habari yake ni ya kusikitisha tangu mwanzo, maana waliyoigundua hawakuwa askari. Walikuwa watu wa dini ya Tao, waliokuwa wakichanganya dawa na madini wakitafuta dawa ya kumfanya mtu asife kamwe. Katika karne ya 9 kitabu chao kimoja chaonya: wako waliochemsha kiberiti, shura na asali pamoja, moto ukalipuka, ukawaunguza mikono na ndevu, hata nyumba ikateketea. Walikuwa wanatafuta uzima wa milele ndani ya chungu, wakapata kitu ambacho kimeua watu wasiohesabika.

Baruti ni mchanganyiko wa vitu vitatu. Cha kwanza ni makaa, tuyajuayo sote. Cha pili ni kiberiti, na hapa si kile cha kuwashia moto, bali jiwe la manjano linukalo, ambalo ndilo lenye jina hilo tangu asili. Cha tatu, ndicho kikubwa, ni shura, chumvi nyeupe iotayo katika udongo wa mazizi na chini ya kuta kuukuu. Moto wa kawaida huvuta pumzi ya hewa, ukiufunika hufa. Lakini shura ina pumzi yake ndani yake, kwa hiyo baruti yaweza kuwaka hata imefungwa ndani ya chuma, na moshi wake, ukikosa pa kutokea, hupasua au husukuma. Waganga wa Kiarabu wa karne ya 13 waliiita shura "theluji ya China". Sisi ambao asubuhi za anga safi twaiona theluji ya Ruwenzori tukiwa Beni, twaweza kuelewa kwa nini walilichagua jina hilo: ni nyeupe, na ukiiweka ulimini yaleta ubaridi. Ila theluji ya Ruwenzori haijamwua mtu sebuleni kwake.

Mwaka 1044 kitabu cha vita cha Wachina kilieleza wazi vipimo vya kuchanganya baruti. Mwaka 1132, mji wa De'an ulipozingirwa, watetezi wake walitumia mikuki ya moto: mianzi mirefu iliyojaa baruti, ikitema miali mbele. Toka mwanzi walikwenda kwa shaba, na upo mzinga mdogo wa shaba wa mwaka 1288 hivi uliofukuliwa kaskazini ya China. Katika karne hiyo hiyo habari zilifika Ulaya. Mtawa wa Mtakatifu Fransisko, Roger Bacon, aliiandika karibu na mwaka 1267 kama kichezeo cha watoto chenye kishindo kama radi.

Wengi husema Wachina walitumia baruti kwa fataki tu, na kwamba ni Wazungu walioigeuza kuwa silaha. Tumekwisha kuona kwamba si kweli. Lakini kuna chembe ya ukweli ndani yake, na shahidi wetu ni padri. Matteo Ricci, Mjesuiti wa Italia, aliingia China mwaka 1583 na kufariki Beijing mwaka 1610. Alipokuwa Nanjing aliziona sikukuu za mwaka mpya, usiku umejaa fataki za kila namna, akapiga hesabu kwamba baruti iliyochomwa kwa furaha siku hizo ingetosha kwa vita kubwa ya miaka kadhaa. Padri Ricci huyo huyo alifanya kazi yake kwa karatasi. Aliona kwamba katika nchi ile kitabu kilichochapwa hufika mahali ambapo mhubiri hawezi kufika, akaandika kwa Kichina na kuchapisha kwa vibao vyao. Mwaka 1607 yeye na rafiki yake Xu Guangqi, aliyebatizwa Paulo, walitoa kwa Kichina vitabu vya hesabu vya Euclid. Mzungu aliwarudishia Wachina elimu juu ya karatasi ambayo baba zake waliipata kwao.

Turudi Afrika. Vyombo vya China vilifika pwani zamani sana. Kilwa na Gedi wamefukua vipande vingi vya kaure, na makaburi ya kale ya Waswahili yalipambwa kwa bakuli za China zilizopachikwa ukutani. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipelekwa mpaka jumba la mfalme wa China, na miaka michache baadaye majahazi makubwa ya jemadari Zheng He yalifika pwani hii, yakiongozwa kwa dira. Mwaka 2013 sarafu ya mfalme huyo, Yongle, ilipatikana katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Basi bakuli zilikuja, sarafu ilikuja, lakini wenyewe hawakukaa kufundisha mtu kazi zao. Karatasi na ujuzi wa kuandika vilikuja kwa mkono wa Waarabu. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zijulikanazo leo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa Goa, katika nchi ya India. Na baruti, mlio wake mkubwa ulisikika pwani mwaka 1505, Wareno wa Almeida walipoipiga Kilwa na Mombasa kwa mizinga ya merikebu zao.

Toka pwani mpaka kwetu ni mbali, na hapa ndipo jambo letu lenyewe. Vitu hivi viwili vilipopanda bara, havikupanda pamoja. Karatasi ni nyepesi kuliko gobori na pipa la baruti, lakini baruti ilitangulia. Katika karne ya 19 misafara kutoka Zanzibar ilipita Tabora na Ujiji mpaka Manyema, ikitafuta pembe na watu, na Tippu Tip akaweka utawala wake Kasongo. Watu wake walizidi kusonga kaskazini. Mwaka 1887 Stanley, akipita kwa taabu katika msitu wa Ituri, alikuta vituo vya Ugarrowa na Kilonga-Longa, na kando ya njia vijiji vilivyochomwa. Hao walikuwa watu wa bunduki, nao walinena Kiswahili. Tusilifiche hilo: lugha hii tunayoandikia, ambayo leo twasali kwayo, ilisikika mara ya kwanza katika vijiji vingi vya msitu pamoja na mlio wa gobori. Baadaye walikuja askari wa mfalme Leopold wa Ubelgiji na bunduki zilizo bora zaidi.

Karatasi ilikuja na misioni. Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu walifika Beni mwaka 1906, na mwaka 1929 Waasumpsionisti wakaja kuishika kazi hiyo. Mwaka 1938 nchi hii iliwekwa kuwa Vikarieti, chini ya Monsinyori Henri Piérard. Mwaka 1959 ikawa jimbo la Beni, na tangu mwaka 1967 jina lake ni Butembo-Beni. Basi wako wazee waliouona mtutu wa bunduki miaka ishirini kabla ya kuuona ukurasa wa kitabu. Si ajabu kwamba wengine waliuogopa ukurasa huo vile vile. Na yafaa tukubali kwamba hawakukosea kabisa, maana karatasi ya kwanza waliyopewa wengi wao na serikali ilikuwa ya kodi.

Lakini misioni ilikuwa na karatasi ya namna nyingine: kitabu cha wabatizwa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru kila paroko awe na kitabu cha kuandikia ndoa, na jina la mtoto abatizwapo liandikwe pamoja na majina ya wasimamizi wake. Kabla ya karatasi kuwa rahisi amri kama hiyo isingewezekana. Nani angechinja ndama kwa ajili ya majina ya watoto wa wakulima? Kwa hiyo kazi ya Cai Lun, aliyepondaponda matambara na nyavu, ilimfikia mtoto wa Mulo na wa Oicha. Jina lake, la baba, la mama, la msimamizi, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, sahihi ya padri. Kwa mara ya kwanza mtoto wa maskini aliandikwa kwa namna ile ile kama mtoto wa mwami, mstari mmoja kwa kila mmoja.

Katika nchi yetu, ambamo ofisi ya serikali mara nyingi i mbali na nyumba ya mtu, mstari huo umefanya kazi nyingi kuliko ile iliyokusudiwa. Kijana ataka kuoa: aonyeshe cheti cha ubatizo. Mwanafunzi ataka kuandikwa shuleni na hajulikani umri wake: mama aenda parokiani. Mjane apambana na shemeji zake juu ya shamba, nao wakana kwamba aliolewa: kitabu cha ndoa chafunguliwa. Tumeona watu wasiosali miaka kumi wakija wakivua kofia mbele ya kitabu hicho, na sisi makatekista hutabasamu kidogo, lakini twawatafutia mstari wao.

Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wa Beni wamechinjwa na kupigwa risasi vijijini mwao, wengi mno, na walio hai wakakimbia Oicha, mjini Beni, Butembo, na mbali zaidi. Mtu akimbiaye usiku huchukua mtoto, labda na sufuria. Hachukui karatasi. Nyumba ikichomwa, cheti chaungua pamoja na kitanda. Hata mapadri hawakuachwa: mwezi wa Oktoba 2012 Waasumpsionisti watatu walichukuliwa na watu wenye silaha katika parokia yao ya Mbau. Vile vitu viwili vya China vyakutana tena, na safari hii pia ile ya pili haikutangulia.

Yuko mmoja ambaye hatuwezi kumwacha katika habari hii. Padri Vincent Machozi, Mwasumpsionisti, mwana wa nchi hii, alikuwa na ukurasa wa habari katika intaneti, ambamo aliandika mauaji ya Beni na Lubero: mahali, siku, majina ya waliokufa, na picha zao. Wengine walimwambia picha zile zatisha mno. Aliendelea. Usiku wa Jumapili ya Matawi, tarehe 20 Machi 2016, watu wenye bunduki walimwua Vitungwe-Isale, si mbali na Butembo. Intaneti haina nyuzi wala gome, lakini kazi yake ilikuwa ile ile ya kitabu cha parokia, yaani kuandika kila mtu mstari wake, asipotee. Ndugu wa marehemu wengi waliyaona majina ya watu wao yameandikwa hapo, na po pote pengine hayakuandikwa.

Mtu aweza kuuliza: na kitabu chenyewe kikiungua? Sheria ya Kanisa yajua kwamba karatasi huungua. Zamani, katika sheria za mwaka 1917, paroko aliagizwa kupeleka kila mwaka nakala ya vitabu vyake kwa askofu, ili visiwe mahali pamoja. Desturi hiyo haikuwa mbaya, nasi twaona ingefaa kushikwa tena katika kila parokia iliyo karibu na msitu. Na sheria za mwaka 1983, kanuni ya 876, zasema kwamba kama hakuna neno la kumdhuru mtu, ubatizo wathibitika kwa tamko la shahidi mmoja tu mwenye kuaminika, au kwa kiapo cha mbatizwa mwenyewe ikiwa alibatizwa mtu mzima.

Basi hivyo ndivyo inavyofanyika. Mkimbizi aja, cheti chake kimeungua, na katekista atafuta shahidi miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Mara nyingi shahidi ni mama mzee, msimamizi wake wa ubatizo, naye hajui kusoma. Aulizwa siku. Hajui siku, ila ajua kwamba ilikuwa Pasaka, kwamba kahawa ilikuwa haijachumwa, kwamba mapacha wa jirani walibatizwa siku ile ile na mmoja wao alilia sana. Ajua padri alikuwa nani. Ajua mama wa mtoto alivaa kitenge gani. Katekista ahesabu miaka kwa vidole, arudi nyuma, auliza tena juu ya wale mapacha, kisha afungua daftari jipya, lililonunuliwa dukani Butembo, ambalo nyuma yake pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba limetengenezwa China, aandika jina la kwanza, na mahali pa tarehe aweka mwaka tu.